Habari za Mguu Wangu wa Kushoto

Suji, jioni kabla hujaondoka

Nakunda mwanangu,

Hali yako siulizi, maana nakusikia hapo uani ukicheka na shangazi zako wanaokufungia mzigo. Nimewaambia nataka kujinyoosha kidogo, lakini sina usingizi wowote. Nimechukua karatasi kwa sababu haya ninayotaka kukwambia nikiyasema kwa mdomo utanikatiza, utasema, "Mama, acha hayo," halafu utalia, mimi nitakasirika, na safari yako itaanza na ugomvi. Karatasi haikatizwi. Nitaisokomeza kwenye mfuko wa juu wa begi lako, uisome kesho mkishaipita Mwanga, ukiwa umekaa na huna pa kukimbilia.

Mambo ya kula, ya kuvaa, ya wezi wa stendi, shangazi zako wamekushibisha tangu asubuhi na mimi sina la kuongeza. Umekuwa mtu mzima, ukikosea kupika wali huko Katavi utaula hivyo hivyo. Mimi nataka tuongee habari za mguu.

Jana daktari kule Same alisema mbele yetu wote wawili kwamba huu wa kushoto nao umeoza kwa ndani, na wiki ijayo nirudi wanikate. Ulimsikia kama nilivyomsikia. Tulipotoka tu koridoni ukasema huendi tena Katavi. Ajira uliyoisubiri mpaka vyeti vyako vikaanza kupauka, ukaikataa palepale mbele ya watu wanaokohoa kwenye mabenchi. Nami nikakujibu, "Usinifanye mimi kisingizio cha uvivu wako." Najua si uvivu. Nilitafuta neno litakalokuudhi vya kutosha uondoke, na hilo ndilo lililokuja kwanza. Umeninunia tangu jana, lakini mzigo umefungwa, kwa hiyo sikuombi radhi.

Tuliahidiana. Wewe unakwenda kuripoti shuleni kwako, mimi nakwenda kukatwa. Mjomba wako Eliamini atanipeleka, na ahadi yangu nitaitimiza. Ila sitaki ukae kwenye basi ukijiambia kwamba wakishakata mambo yatakuwa yamekwisha. Ulipokwenda kwenye dirisha la dawa kuchukua bandeji nilimuuliza yule daktari kijana, "Daktari, hapo mtakapokata patapona?" Akasema damu haifiki vizuri hata karibu na goti, kwa hiyo inawezekana pasipone, na pasipopona watapanda juu zaidi. Nikamuuliza, "Na baada ya hapo juu?" Akaanza kunieleza habari za figo zangu. Nilimshukuru, maana hakunidanganya, na ninakwambia hivyohivyo kama alivyoniambia. Mimi sioni kwamba nitapona, Nakunda. Nimejaribu kuona, sioni.

Watu wanapenda kuuliza ilianzaje, kama vile wakijua ilipoanzia wao haitawapata. Wewe unajua. Ilianza kwa kuwaka moto. Nyayo zilikuwa zinawaka usiku hadi nazitoa nje ya blanketi, mwezi wa saba, ukungu umejaa mpaka mlangoni na watu wazima wamelala na masweta. Mara nahisi sisimizi wanatembea chini ya ngozi, mara kama nimekanyaga vigae. Mmoja akasema ni baridi ya kusimama mferejini alfajiri nikimwagilia maharage. Mwingine akasema kuna mtu kaniwekea kitu njiani, na akamtaja kabisa. Kisukari nilikuwa nimeshaambiwa ninacho, vidonge nilikuwa navyo, lakini nilikuwa navimeza siku nikijisikia vibaya. Siku nikijisikia vizuri naona navimaliza bure.

Halafu ikaacha. Ule moto ukapungua, wale sisimizi wakapungua, nikaanza kulala usiku kucha. Nilifurahi, we acha tu. Nikasema Mungu amenitazama. Siku ya mavuno nikapeleka kanisani mkungu wa ndizi na debe la maharage, nikasimama mbele nikashuhudia kwamba miguu yangu haiumi tena. Unakumbuka vigelegele? Mkungu wangu ulipigwa mnada pale nje mpaka mwalimu wa kwaya akaomba watu wapunguze kelele. Wewe ulikuwa likizo kutoka chuoni. Nilikuona umesimama karibu na dirisha, unapiga makofi.

Tukirudi nyumbani, binti wa jirani akaja anakimbia nyuma yetu, ameshika kandambili. Kumbe ilikuwa imenivuka kule chini na mimi nimepanda kilima chote na mguu mtupu, juu ya changarawe, bila habari. Tulicheka wote. Wewe ulisema, "Mama amelewa shukrani." Ulinichekesha hadi nikashika mti.

Leo hakuna anayecheka, maana tumeshajua. Kwamba kandambili ilivuka kwa sababu vidole havikuwa vinaishika tena. Kwamba neva zilizokuwa zinalia usiku zilikuwa zinakufa, na zilipoacha kulia zilikuwa zimekufa. Mimi nilipeleka mkungu wa ndizi kushukuru kwa msiba.

Nakunda, najua unayabeba yale makofi. Uliwahi kusema siku moja ukidhani nimelala, ukimwambia shangazi yako, "Nimesoma baiolojia miaka yote ile halafu nikapiga makofi." Nilikusikia. Ulikuwa unampigia makofi mama yako anayefurahi, basi. Ungesimama pale mbele ya washarika ukaniambia, "Mama, kaa chini, una ganzi," ningekuchapa hapo hapo na umri wako huo. Nisingekusikiliza. Kwa hiyo hilo livue uliache humo ndani ya basi.

La pili nalo tuliseme, maana hatujawahi kulisema. Ile siku ya makande. Baridi ilikuwa kali, nimekaa jikoni kwenye kigoda, miguu nimeisogeza kwenye mafiga kama nilivyofanya tangu nikiwa mtoto, kama alivyofanya mama yangu na mama yake. Hapa kwetu mtu akija na baridi huambiwa asogee motoni, ndiyo ukarimu wenyewe. Nilikuwa naiona miguu baridi kwa ndani, nikazidi kusogea. Nikasikia harufu. Nikakuuliza, "Umeunguza makande?" Ukageuka kuangalia sufuria, halafu ukaangalia chini. Mimi niliujua moto ule kwa ukelele wako.

Baadaye, nilipokuwa nimefungwa mabandeji, ulinichorea kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Mtu mwenye kichwa kikubwa kama boga, uti wa mgongo, na nyuzi zinazoshuka mpaka vidoleni. Ukanieleza kwamba nikigusa sufuria ya moto mkono unaruka kabla sijajua kwamba nimeungua, kwa sababu ujumbe ukifika kwenye uti wa mgongo amri ya kuuondoa mkono hutoka hapohapo, haingoji kichwa. Maumivu kichwa kinayapata baadaye, mkono ukiwa umeshaokoka. Nikakuuliza, mbona mguu haukuruka? Ukasema, "Ujumbe haukutoka, mama." Ulisema ukiwa umenipa mgongo, unaongeza nywele kwenye kile kichwa cha boga.

Ukasema pia kwamba neva ni kama waya wa umeme. Hapo nilikukatalia, na bado nakukatalia. Mimi naona ni kama mfereji wetu kutoka kwenye bwawa la ndiva. Maji yakipungua kwenye bwawa, wa juu bado wanamwagilia, wanaimba, na mwenye shamba la mwisho kule bondeni ndiye anayeona mahindi yanajikunja. Ukafikiri kidogo, ukasema kweli, neva za miguuni ndizo ndefu kuliko zote, sukari ikiziharibu zinaanza kufa kwenye ncha, vidoleni, ndipo ganzi inapanda. Ulinipa alama zote siku ile. Nilijisikia vizuri kuliko siku ya mnada.

Mchoro ule bado upo. Eliamini alitaka kupaka chokaa nikamfukuza.

Sasa nikuchekeshe, maana huko mbele hakuna kicheko. Unakumbuka mara ya kwanza walivyonipima Same? Yule daktari kijana aliingia, "Shikamoo mama," "Marahaba," akaniambia nifumbe macho, akachukua uzi mgumu kama wa mshipi wa kuvulia, akawa ananigusa nyayo. "Ukisikia sema ndiyo." Mimi sikuwa nasikia kitu. Lakini nilikuwa nimepanga foleni tangu asubuhi na wanawake wengine wanatazama, nikaona aibu, mtu mzima nifeli mtihani wa kuguswa tu. Nikawa nasikiliza kiti chake. Kikilia, nasema ndiyo. Nilipata nyingi! Mpaka aliposimama kumjibu muuguzi mlangoni, kiti kikalia, nikasema ndiyo kwa sauti. Akacheka hadi akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, akaandika.

Hiyo ndiyo tabia yetu, mwanangu, na mimi nimekurithisha. Hatusemi panapouma, na pasipouma tunasema panauma kama ndicho mwenye kuuliza anachotaka. Ulipovunjika mkono pale kwenye ukingo wa ndiva ulikuja nyumbani umebeba ndoo kwa mkono mwingine, huna chozi. Nikawaita watu waje wakuone. "Huyu ndiye mwanangu, huyu halii." Ulikuwa mdogo, midomo imekuwa myeupe, na mimi nazunguka nawe kama nimeshinda kitu. Kesho yake ndipo tukakupeleka. Mkono wako mpaka leo haunyooki vizuri, na watu wakikuuliza unasema umezaliwa nao hivyo, kunisitiri. Inanichoma hiyo kuliko yale mafiga.

Sikwambii ulielie. Sina hamu ya kukufundisha lolote, mimi niliyeisogeza miguu yangu mwenyewe motoni. Nakwambia tu kilichonipata. Nilikuwa na mwili unaonipigia kelele usiku mzima, nikauombea unyamaze, ukanyamaza. Huko uendako kuna kitu kitakuuma, sijui ni mtu au ni kazi au ni upweke wa mji usiokujua. Kikikuuma utakuwa bado una kitu. Mwambie mtu, hata kama ni mwalimu mwenzako usiyempenda. Na siku moja kikiacha kukuuma bila wewe kufanya lolote, usiende kushukuru mbio mbio.

Wa kulia, ule walioukata baada ya yale mafiga, bado unaniuma. Hili sijakueleza lote. Eliamini aliuzika nyuma ya kahawa, na unajua wazee walivyobishana kama mchungaji aitwe, mpaka yeye akawauliza, "Aje aseme nini, na marehemu yuko ndani anakunywa uji?" Basi mguu ule uko ardhini, na kidole chake kikubwa kinaniuma kila siku jioni kama kimebanwa na mlango. Wakati mwingine unyayo unawasha, nainama kuukuna, mkono unapita hewani. Ulisema kichwani mwangu bado kuna nafasi ya mguu ule, na nafasi hiyo haijui kwamba mwenyewe hayupo. Wa kushoto, nilionao hapa kitandani, naushika kwa mikono yangu, nautekenya, nauchoma kwa pini ya nywele, kimya kabisa. Mguu nilio nao hausemi, na nisio nao haunyamazi. Nimechoka nao wote wawili, ndiyo kweli yangu.

Hata kusimama kwenyewe siku hizi nasimama kwa macho. Juzi taa ilipozimika nilianguka nikiwa nimeshika magongo yote mawili, palepale nilipokuwa, bila kujikwaa. Mguu hauniambii tena ardhi iko wapi. Mchana naiona, giza likiingia sina ardhi. Ulinikuta sakafuni nikakwambia nilikuwa natafuta kiberiti.

Sasa nakuja kwenye lile nililokaa kukuandikia.

Tangu kidonda cha kushoto kianze, wewe ndiye umekuwa ukikiosha kila jioni. Unapiga magoti na beseni, unafungua bandeji taratibu, na mimi siangalii kidonda. Sijawahi kukiangalia vizuri. Nakuangalia wewe. Ukikunja uso, najua hapo pangeniuma. Ukiuma mdomo, najua nyama imetoka na shashi. Ukivuta pumzi na kuishikilia, najua umefika kwenye mfupa. Mguu wangu ukawa unaniletea habari zake kupitia usoni kwako, Nakunda. Ulikuwa unaumwa kwa niaba yangu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naingoja ile saa. Ndiyo saa pekee nilipokuwa na mguu.

Kuanzia kesho atanisafisha Eliamini. Ni mtu mwema, amenibeba mgongoni kushuka hadi barabarani bila kulalamika. Lakini uso wa Eliamini unaujua. Alimzika mkewe kwa uso huohuo. Nitamtazama na sitaambiwa kitu.

Sikuandikii haya ili ubaki. Nikisikia umeshuka njiani ukageuza, sitakufungulia mlango, na unanijua. Wakikupigia simu kwamba wamekata, usije. Wakikupigia kwamba wamekata tena juu zaidi, usije, shule haitakusubiri na hakuna utakalofanya hapa isipokuwa kutazama. Wakikupigia siku ile nyingine, hapo njoo, na usisafiri peke yako.

Ninaandika kwa sababu ya jambo nililoliona wiki hii, ambalo daktari hakuwa na haja ya kuniambia jana, nilikuwa nalijua. Siku tatu nne hizi umekuwa ukifungua bandeji na uso wako hautikisiki. Hukunji, huumi mdomo. Unaosha, unafunga, unaniuliza kama nitakunywa chai. Mara ya kwanza moyo wangu uliruka, nikasema kumbe kidonda kinafunga. Ile furaha ya mnada ikataka kunirudia. Halafu nikaona unavyokamua kitambaa kilichokwisha maji, unakikamua tena, nikakuona ukiwa na umri ule wa ndoo, midomo myeupe, na mimi nimekuzungushia watu. Nikajua hali ya mguu wangu wote mpaka juu.

Nasikia maji yanamiminwa kwenye beseni. Umewaaga shangazi zako, unakuja. Kalamu naificha sasa. Ukiisoma barua hii utakuwa umeshaniosha kwa mara ya mwisho, na mimi nitakuwa nimekutazama. Kama ulilia, niliambiwa. Kama hukulia, niliambiwa zaidi.

Mama yako